Kabla ya kutoboa ukuta kwa ajili ya waifai, tembea kwanza

Leo naweka kando mbolea na mbegu. Mwezi huu vikundi vitatu vimenipigia simu vikitaka kuweka waifai kwenye majengo yao. Kabla hamjatoa hela, naomba niwaeleze kosa nililofanya mimi mwenyewe.

Kuna kikundi cha akina mama wanaolima mwani hapa pwani ya Bagamoyo. Wanaukausha, wanausaga na kutengeneza sabuni. Walikuwa wamepanga vyumba vitatu kwenye nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, zile zenye kuta nene. Kila mmoja alikuwa akinunua bando lake. Wakachanga, wakanunua ruta ya kuweka laini, wakaniuliza iwekwe wapi. Nikajibu haraka haraka: ofisini kwa mwenyekiti, nyuma ya kabati la chuma, maana pale pana kufuli.

Ofisini ikashika vizuri. Lakini chumba cha sabuni, anakoshinda mama anayepokea oda, hakikupata kitu. Mpaka atoke barazani. Siku moja mteja wa Dar es Salaam aliagiza kilo 40 za unga wa mwani kwa WhatsApp asubuhi. Mama aliuona ujumbe jioni, na mteja alishanunua kwingine. Akaniambia kwa upole, "Bwana shamba, mwanangu, hii waifai ni ya kikundi au ni ya mwenyekiti?"

Sikuwa na jibu. Badala ya kutafuta sababu, nikawashauri walipie kifurushi cha kasi kubwa zaidi. Hela ikaenda, chumba cha sabuni kikabaki vilevile.

Baadaye tuliita fundi. Hakuja na drili. Alishika simu yake akatembea chumba hadi chumba, akisoma nguvu ya mawimbi. Kisha akatueleza: waifai ni kama karabai. Ukiifungia chumbani, haitaangaza uani hata uijaze mafuta kiasi gani. Kifurushi ni mafuta; mahali unapoitundika ndipo panapoamua nani aone. Ukuta mnene wa mawe, hasa wenye unyevu, hupunguza sana mawimbi. Kabati la chuma, mabati na tangi la maji ni vizuizi vilevile.

Haya ndiyo niliyojifunza:

1. Tembea kwanza. Washa ruta mahali unapofikiria kuiweka, kisha zunguka na simu. Kuna programu za bure zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba zenye alama ya kutoa. Ikisoma karibu na -65, ni nzuri. Ikifika -80, utateseka. Pima milango ikiwa imefungwa.

2. Ruta ya laini ikae panaposhika mtandao wa simu vizuri, mara nyingi karibu na dirisha, juu, mbali na chuma.

3. Chumba kisichofikiwa kiwekewe kifaa cha pili cha kusambaza waifai, ambacho mafundi hukiita aksesi pointi. Kiunganishwe na ruta kwa waya wa mtandao, usiozidi mita 100. Nunua waya wa shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba ni rahisi lakini huharibika mapema.

4. Vifaa vingi hutoa mawimbi ya aina mbili. Ya 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi, ila ni ya polepole. Ya 5 ni ya kasi, lakini hufika karibu tu. Kwenye vyumba vya mawe usitegemee ya 5 kuvuka ukuta.

5. Vifaa viwili vipewe jina moja na nywila moja, lakini kwenye 2.4 kila kimoja kiwe na chaneli yake: 1, 6 au 11. Vikigombania chaneli moja, vyote huchelewa.

6. Badilisha nywila iliyokuja na kifaa. Wateja na wageni wapewe mtandao wao wa pembeni, wasiingie kwenye ule wa kompyuta ya hesabu.

7. Hewa yetu ya chumvi hula chuma. Kifaa cha nje kiwe cha kutumika nje, na viungio vya waya vifunikwe.

8. Kama jengo liko Mji Mkongwe, usitoboe kabla ya kuwauliza watu wa Mambo ya Kale. Sisi tulipitisha waya juu ya fremu za milango, bila kuharibu ukuta.

Kifaa cha pili kilifungwa kwenye dari la chumba cha sabuni. Nilichangia nusu ya bei yake, maana kosa lilikuwa langu. Wakarudi kwenye kifurushi kile cha kwanza cha bei nafuu, na kinawatosha. Yule mama sasa anajibu oda mikono ikiwa bado na povu.

Mteja wa kilo 40 hakurudi. Ndiyo maana nimeandika. Kwenye kikundi chenu, kabla ya kuuliza ruta ipi ni bora, ulizeni kwanza: anayepokea oda anakaa wapi? Anzieni hapo kupima.

Tukutane shambani.