Taa Zinacheza, Usukani Unatetemeka

Kijana wa gereji moja ya Nyakato, Mwanza, aliinama chini ya dashibodi ya Corolla DX, akapapasa kushoto na kulia, kisha akainuka na kutangaza kwamba gari hilo halipimiki. Alikuwa akitafuta tundu la kuchomeka mashine yake ya kusomea hitilafu. DX hiyo ilitoka kiwandani zaidi ya miaka kumi kabla ya 1996, mwaka ambao Marekani ililazimisha magari mapya yawe na tundu la aina hiyo. Mwenye gari alikuwa na malalamiko mawili: usiku taa zinacheza, na usukani unatetemeka. Akaambiwa anunue altaneta na tairodi zote. Hakuulizwa swali hata moja.

Inaudhi, kwa sababu Mwanza iliwahi kuwa na mafundi walioanza na maswali.

Wazee wa Igogo bado wanamzungumzia mmoja wao, aliyefanyia kazi kwenye kivuli cha jiwe kubwa, mojawapo ya yale mawe yetu ambayo nyumba hupanda juu yake. Mteja akifika, spana ilibaki chini. Zinacheza taa zote au moja? Ukikanyaga mafuta zinatulia au zinazidi? Usukani unaanza kutetemeka mwendo gani? Ukishika breki je? Kifaa chake kikubwa kilikuwa balbu ndogo iliyounganishwa na nyaya mbili. Mahali pale palinuka tindikali ya betri, petroli ya kuoshea kaboni na, kila siku, samaki.

Samaki kwa sababu wateja wake wengi walikuwa na pikapu za Peugeot 504 zilizobeba mzigo kutoka Mwaloni, Kirumba. Maji ya samaki yalichuruzika kwenye bodi mpaka kwenye boliti inayofunga waya wa ethi, na kutu ikaota hapo. Umeme ukikosa njia nzuri ya kurudi kwenye betri, taa za nyuma hufifia na kuwaka zenyewe, na ukikanyaga breki indiketa nayo inababaika. Fundi alifungua boliti, akakwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, akakaza na kupaka grisi. Mteja aliondoka bila kununua spea yoyote.

Taa zikicheza zote kwa pamoja, alihamia mbele. Vichwa vya betri vimelegea? Mkanda unateleza? Kisha kaboni za altaneta, au za jenereta kwa magari ya zamani zaidi. Vitabu vinasema Land Rover ilipata altaneta ilipotoka Series III mwaka 1971, lakini zenye jenereta zilionekana barabara ya Kenyatta miaka mingi baadaye, kwa hiyo mwaka wenyewe hausaidii sana. Jenereta haikuchaji vizuri gari likiwa sailensa, na taa kufifia kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo hakukuwa ugonjwa.

Kaboni zilipatikana kwa mwenye duka mmoja wa mjini aliyezipanga kwenye makopo ya maziwa, kila kopo na ukubwa wake. Hakuuza kabla hajaona ile iliyokwisha. Aliiweka kiganjani, akaipima kwa jicho, na miaka ile bidhaa zilipoadimika alitoa kubwa zaidi, akaisugua kwa tupa pembeni mwa kaunta huku unga mweusi ukimwagikia gazeti, akaijaribu kwenye kishikizo chake, akasugua tena. Mteja alisubiri. Hakuna duka la spea mjini leo linalompa mtu dakika hizo.

Usukani nao ulikuwa na mpangilio wake. Ukitetemeka kati ya kilomita 80 na 100 kwa saa kisha ukatulia, tatizo ni balansi ya magurudumu. Ukitetemeka kwenye breki tu, diski imepinda. Alipiga jeki, akalishika gurudumu juu na chini: likicheza, ni beringi au boljointi. Akalishika kushoto na kulia: hapo ni tairodi. Lakini masika, kwa gari lililotoka Magu au Kwimba, alichungulia kwanza ndani ya rimu. Udongo mweusi wa mbuga ukikauka upande mmoja, gurudumu lote linayumba, na dawa yake ni ndoo ya maji na kijiti.

Mara nyingine taa na usukani vilitetemeka pamoja gari likiwa limesimama. Hapo alirudi kwenye injini: sailensa iko chini, maunti zimechoka, injini inatikisika na kuulegeza waya wa ethi unaoifunga kwenye bodi. Ugonjwa mmoja, dalili mbili.

Baadaye yalikuja magari yaliyotumika kutoka Japani, ikaja lami, na Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya ziwa, foleni ya kivuko ikaisha. Mashine za kusomea hitilafu zikafika, nazo ni nzuri, ila haziuoni udongo ulio ndani ya rimu.

DX ile, ikiwa na tairodi mpya na altaneta yake ileile, ilipelekwa gereji ya pili. Betri ikapimwa injini ikiwaka, ikasoma volti 14.1, maana yake altaneta ilikuwa inachaji sawasawa. Waya wa ethi ulikuwa umekatika nyuzi karibu zote. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limedondosha risasi yake ya balansi. Tairodi za zamani, zilizokwishang'olewa na kutupwa Nyakato, zilikuwa nzima.