SOLIHULL: Wanatengeneza Range Rover, usiku wanafunga usukani kwa chuma

KAMA unadhani Ukerewe kila kitu ni kubonyeza tu, basi siku ukipata zali la kufika huko panda treni uende Solihull. Utakuta mchuma wa bei mbaya, mlango unafunguka mwenyewe akisogea tu, funguo iko mfukoni wala haijatolewa. Lakini chungulia kioo: usukani umepigwa chuma cha njano na kufuli juu yake, kama baiskeli ya muuza maziwa!

Si utani, msomaji wangu. Ndiyo hali halisi ya mji huu, na ina funzo kwa sisi wa Bongo ambao siku hizi tunatamba na ndinga za kuwasha kwa kitufe.

Solihull iko ubavuni mwa Birmingham. Ukitokea London unapandia stesheni ya Marylebone, unakaa dirishani saa moja na nusu na ushee, unatazama kondoo na mashamba yaliyopangwa kama shuka za draft, halafu unateremka. Katikati ya mji kuna kanisa la kale la Mtakatifu Alphege, lina mnara mrefu uliochongoka kama penseli. Hatua chache kutoka hapo ni maduka ya Touchwood, ambako vijana wanazurura mikono mfukoni kwa baridi.

Mji umetulia. Hakuna honi, hakuna mnadi nauli, hakuna muziki wa baa. Mshikaji uliyezoea Manzese unaweza kudhani kuna msiba.

Ila jina la Solihull limefika hadi vijijini kwetu bila watu kujua. Kuanzia mwaka 1948 kiwanda cha barabara ya Lode Lane kilikuwa kikitoa Land Rover, na kuanzia 1970 kikatoa Range Rover. Ile Land Rover iliyobeba mganga mkuu, bwana shamba na mizigo ya mahindi asili yake ni hapa. Arusha Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika kwa tamasha lao, magari yakapangana barabarani mpaka watu wakashika vichwa. Mzazi wa ukoo ule wote ni mji huu mpole.

Na hapa hapa ndipo dunia ilipofunguliwa macho kuhusu wizi wa kileo.

DAKIKA MOJA, HAKUNA KIOO KILICHOVUNJIKA

Novemba 2017 polisi wa West Midlands walitoa picha za video kutoka mtaa wa Elmdon, Solihull, upande wa uwanja wa ndege. Usiku wa Septemba mwaka huo jamaa wawili walionekana wakifika mbele ya nyumba. Mmoja akasimama karibu na nyumba, mkononi kashika kitu kama boksi. Mwenzake akakaa ubavuni mwa Mercedes.

Boksi likapungwa pungwa, taa za gari zikawaka, mlango ukafunguka, gari likaondoka. Kazi nzima kama dakika moja. Hakuna nyundo, hakuna waya, hakuna kelele. Mwenye gari alikuwa ndani na funguo yake amelala!

Mwenyeji wangu huko ni kaka mmoja wa Kibongo, nesi, ana miaka mingi Ukerewe. Jioni alinitembeza mtaani kwake. Nyumba ni za matofali mekundu, zimeungana mbili mbili, kila moja na kiwanja kidogo cha kuegesha gari mlangoni. Nikaanza kuhesabu vyuma vya usukani: kimoja, cha pili, cha tano. Nyumba nyingine wamesimika nguzo ya chuma ardhini, mbele ya bampa. Inainuliwa usiku na kushushwa asubuhi.

“Kaka, mbona mnaishi kama mko vitani?” nikamuuliza.

“Mdogo wangu, wee ona hivyo hivyo,” akajibu. “Langu la kwanza lilikwenda. Nimetoka zamu ya usiku, nimelala, naamka nitoke tena, nje nakuta doa la oili tu. Funguo hii hapa, nimeitundika nyuma ya mlango!”

Bima walilipa, lakini walilipa kidogo kuliko deni la mkopo wa gari lenyewe. Kwa miezi kadhaa akawa anapanda mabasi mawili kwenda hospitali alfajiri, huku kila mwisho wa mwezi anakatwa pesa ya gari ambalo hata hajui liko nchi gani. Bima ya gari la pili ilipanda. Siku hizi likizo za kuja nyumbani anazihesabu kwa vidole.

Hapo ndipo utajua kwamba gari likiibiwa hukuibiwa chuma tu. Umeibiwa muda wako, safari zako na usingizi wako.

MCHEZO WENYEWE UNAVYOKWENDA

Sasa tega sikio, maana maelezo haya ni ya bure.

Gari la aina hii linaita funguo kwa wimbi fupi, linalofika mita moja hivi au zaidi kidogo. Funguo ikisikia inaitika kwa mawimbi ya redio yanayokwenda mbali zaidi. Gari likipata jibu sahihi linasema, “Bosi yuko mlangoni,” linafungua.

Wezi hawavunji siri ya jibu hilo. Wanachofanya ni kurefusha sauti ya gari. Mmoja anakaa karibu na gari, anachukua mwito wake na kumrushia mwenzake aliye karibu na mlango wa nyumba. Boksi la huyu wa pili linaamsha funguo iliyo sebuleni. Funguo inaitika kwa uaminifu wake wote, gari linadanganyika, mambo yamekwisha.

Utauliza: sasa wakienda mbali na funguo, gari si litazima? Halizimi. Limetengenezwa hivyo kwa usalama, maana gari kuzima lenyewe katikati ya barabara kuu linaweza kuua. Kwa hiyo jamaa wanakwenda mpaka mwisho wa safari yao.

Wala si jambo la juzi. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha ETH Zürich, Uswisi, walitangaza kwamba walijaribu mbinu hii kwa aina 10 za magari ya makampuni 8. Yote yalikubali. Dunia ikapiga miayo, wezi wakaandika kwenye daftari.

Kuna mchezo mwingine mbaya zaidi. Mwaka 2022 gari la Ian Tabor, mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa London, Toyota RAV4, lilikutwa bampa limechezewa na nyaya za taa zimechomolewa. Akadhani ni watoto wahuni. Baadaye likachezewa tena, halafu likayeyuka kabisa.

Jamaa hakukubali. Akachimba, na Aprili 2023 mwenzake Ken Tindell akaandika walichokigundua. Wezi wanapita kwenye nyaya za taa ya mbele, kwa sababu nyaya hizo zinaungana na mawasiliano ya gari zima. Wanachomeka kifaa kinachotuma ujumbe wa uongo, “funguo ni halali, fungua.” Kifaa walichokichunguza kilikuwa kimefichwa ndani ya spika ndogo ya muziki, ile ya kubeba mkononi! Polisi akikusimamisha, wewe ni mpenda disko tu.

Kwa mchezo huu hata ukiificha funguo uvunguni, haisaidii. Hauihitaji.

CHUMA CHA BABU KIMERUDI

Ndiyo maana Solihull wamerudi kwenye chuma. Kompyuta inaweza kudanganywa, lakini usukani uliofungwa haugeuki. Mwizi anataka dakika moja. Ukimpa kazi ya dakika kumi yenye makelele ya msumeno, anaangalia nyumba ya jirani.

Kaka mwenyeji wangu ana ratiba yake kila usiku. Kwanza anafunga usukani. Pili, funguo anaitia kwenye kipochi chenye kitambaa cha nyuzi za madini kinachozuia mawimbi, halafu anakipeleka chumbani, mbali na mlango. Ile ya akiba nayo hivyo hivyo, maana wengi wanaficha moja na kuisahau ya pili kwenye droo ya sebuleni.

Tatu, amefungiwa kizuizi cha siri. Gari haliondoki mpaka abonyeze vitufe fulani vya gari lenyewe kwa mpangilio anaoujua yeye, kama namba ya siri ya benki. Mwizi hata akifungua na kukaa, anabaki anaangaliana na dashibodi.

“Kabla ya kulala natumia dakika mbili,” akaniambia. “Mwanzoni niliona kero. Sasa naona ndiyo sala yangu ya usiku.”

Makampuni nayo hayakulala. Mwaka 2023 wenye kiwanda cha Lode Lane walieleza kwamba wametenga zaidi ya pauni milioni 10 kuboresha ulinzi wa magari yao ya nyuma, kuanzia ya 2018. Funguo nyingine za kisasa zinapima muda ambao wimbi linatumia kusafiri. Jibu likichelewa, gari linajua kwamba funguo haipo karibu. Nyingine zinalala zenyewe zikikaa bila kutikisika. Februari 2025 serikali ya Uingereza ilipeleka bungeni muswada wa kufanya vifaa hivi vya wizi kuwa kosa, kifungo hadi miaka 5.

NA WEWE WA SINZA JE?

Usicheke Waingereza. Angalia maegesho yoyote ya Dar es Salaam leo: Crown, Harrier, Vanguard, Alphard. Vyote hivyo vimeshushwa bandarini kutoka Japani, na vingi vina kitufe cha kuwashia. Sisi tumezoea kuogopa wa saiti mira na taa, ndiyo maana tunachonga namba za gari kila kioo. Lakini teknolojia tuliyonunua ni ile ile, na tundu lake ni lile lile.

Na wizi huu una miguu mirefu. Mwaka 2015 magari ya kifahari yaliyoibwa Uingereza, Lexus zikiwemo, yalifuatiliwa yakakutwa Kampala. Ina maana njia ya kufika kwetu wanaijua. Kwa hiyo ukiuziwa mchuma wa bei ya kutupa, kagua namba ya chesisi kabla hujatoa pesa, la sivyo utalia wewe na aliyeibiwa.

Nyumba zetu za mjini gari linalala chini ya dirisha, na funguo iko juu ya televisheni. Umbali wa hatua nne! Ihamishe. Ukiitia kwenye kopo la bati lenye mfuniko, lipime kwanza: nenda na kopo mpaka mlangoni mwa gari, ushike kitasa. Likifunguka, kopo hilo ni la biskuti tu, tafuta jingine.

Wenye Toyota, jaribuni hili. Kwa funguo nyingi za kampuni hiyo, ukishikilia kitufe cha kufunga bila kuachia, ukabonyeza cha kufungua mara mbili, kitaa kidogo cha funguo kinawaka mara nne na funguo inalala. Haiitikii mwito wa mtu. Asubuhi ukibonyeza kitufe chochote inaamka. Hakuna gharama, hakuna fundi.

Gari likija kutoka nje na funguo moja tu, jiulize ya pili iko wapi. Mtafute fundi wa umeme wa magari unayemwamini, afute kwenye kumbukumbu za gari funguo zote usizokuwa nazo mkononi. Na siku ya kuosha gari usimwachie kijana funguo ukaenda kula chipsi mtaa wa pili.

Ukiegesha dukani, usibonyeze rimoti huku unaondoka umegeuza mgongo. Afrika Kusini wezi wanaziba mawimbi ya rimoti, gari linabaki wazi, wewe unaendelea na mambo yako. Vuta kitasa kwa mkono wako. Sekunde mbili.

Halafu lile kufuli la usukani, au swichi ya siri ya kukata pampu ya mafuta, vitu ambavyo baba zetu walifunga kwenye Corolla na Datsun zao. Tuliwaona washamba. Kumbe walikuwa mbele yetu! Ila swichi hiyo aifunge mtu mmoja, na siri ibaki kwenu wawili. Ukiitangaza kijiweni, umefunga pambo.

Kifaa cha kufuatilia gari kwa simu nacho si kibaya, lakini kielewe kazi yake: kinakuonyesha gari linakokwenda, hakilizuii kwenda.

Mwisho wa yote ni hivi. Raha tuliyouziwa ni ya kutoitoa funguo mfukoni. Raha hiyo hiyo ndiyo mlango wa mwizi. Ukikubali usumbufu wa dakika mbili kila usiku, umeufunga. Watu wa Solihull, wanaolala kilometa chache kutoka kiwandani, wamekwishakubali. Sembuse wewe uliyelipia ushuru mpaka ukauza kiwanja?

Mjini shule, msomaji wangu. Kafunge usukani kwanza, ndipo tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.