Kisima cha sentimita 34

Nimekaa kimya kwa wiki kadhaa, na safari hii sababu si umeme wa kupotea-potea wala kazi za wateja. Sababu iko juu ya meza yetu ya chakula, na mke wangu ameshaniuliza mara tatu itaondoka lini.

Ni dayorama. Kwa asiyezoea neno hilo, ni mfano mdogo wa mahali na tukio: ardhi, watu, vyombo, vyote vimepunguzwa kwa kipimo kimoja. Wengi hutengeneza vifaru na ndege za vita. Mimi nikachagua shimo. Msinicheke. Mtu anayeshinda siku nzima akitafuta hitilafu ndani ya programu za watu wengine hupenda kuona kitu kilichokatwa katikati, ndani kukiwa wazi.

Shimo lenyewe liko Givenchy, kaskazini mwa Ufaransa, mwezi Juni 1916. Wakati huo Waingereza na Wajerumani walikuwa wamekaa kwenye mitaro wakitazamana, hakuna anayeweza kusonga mbele juu ya ardhi bila kufyekwa na bunduki za rashasha. Basi wakashuka chini. Kila upande ulichimba handaki kwenda chini ya mitaro ya mwenzake, ukalijaza baruti na kuilipua. Kuanzia Februari 1915 Waingereza waliunda vikosi maalumu vya wachimbaji, na watu wa mwanzo walitoka Manchester, ambako walikuwa wakichimba njia za maji machafu. Aliyewaleta, John Norton-Griffiths, alikuwa mkandarasi. Alipokuwa akimweleza Waziri wa Vita, Lord Kitchener, jinsi watu wake wanavyochimba, alichukua sepeto ya moto ofisini mle akalala chali sakafuni kumwonyesha.

Hakuwa na mzaha. Ndivyo walivyofanya kazi. Mchimbaji aliegemea ubao uliowekwa kimshazari, miguu ikielekea mbele, akausukuma udongo wa mfinyanzi kwa kijisepeto chembamba kwa nguvu za miguu miwili. Hakuna sururu, hakuna kishindo. Mwenzake nyuma alijaza mifuko, wa tatu akaisukuma kwenye kitoroli kilichopita juu ya reli za mbao. Hata mbao za kuzuia kuta hazikupigwa misumari: zilipachikwa tu, na udongo wenyewe ukivimba ukazibana. Yote hayo kwa sababu adui naye alikuwa chini, ametega sikio. Wafaransa walibuni jiofoni, visahani viwili vyenye zebaki ndani vilivyounganishwa na mirija kama ya stetoskopu ya daktari. Unaviweka juu ya udongo, unavisogeza mpaka sauti isikike sawa masikioni yote mawili, na hapo unajua mchimbaji wa upande wa pili yuko upande gani.

Sasa hesabu, maana mnanijua. Nilichagua kipimo cha 1:35. Shimo la kuingilia, lenye kina cha karibu mita 12, likawa sentimita 34. Handaki la kimo cha mita 1.2 likawa milimita 34. Mtu wa mita 1.7 ni milimita 49, kwa hiyo hawezi kusimama mle. Nilijua hivyo kwa hesabu, lakini sikuelewa mpaka nilipojaribu kumwingiza mtu wangu wa kwanza, na kichwa kikakataa.

Vifaa ni vya hapa hapa Mombasa. Ardhi ni lile povu jeupe linalokuja na katoni ya televisheni, nikalipaka plasta iliyochanganywa na mchanga juu, na chini plasta yenye nili kidogo ili ipate rangi ya kijivu-buluu. Mbao ni vijiti vya aiskrimu. Watu ni waya wa shaba uliovikwa ile gundi ya mafundi bomba inayokandwa kama unga wa chapati. Mshumaa ni taa ndogo ya LED ya manjano, nikaiandikia programu iipepese. Mara ya kwanza nilitumia namba za nasibu tupu, kutoka 0 hadi 255, na handaki likawa disko matanga. Dawa yake ni kuchanganya: chukua sehemu saba za mwanga uliotangulia na sehemu moja ya namba mpya. Hapo ukatulia kama mshumaa wa kweli.

Niliandika pia programu ndogo ya Python ya kukadiria udongo uliotoka. Upana wa sentimita 75 kwa kimo cha mita 1.2 ni mita za ujazo 0.9 kwa kila mita ya handaki. Ukilipima kwa debe la lita 20, hayo ni madebe 45. Handaki la mita 100, madebe 4,500. Nilifurahi mno na jedwali langu.

Halafu akaja Mjomba.

Mjomba wangu anakaa Msambweni. Maisha yake yote ya ujana alichimba visima, pwani yote ya kusini, kisha mwaka wa 1998 akaacha ghafla akaanza kuuza samaki. Kwetu jambo hilo lilikuwa halizungumzwi. Tulijua kuna mtu alikufa, basi. Amekuja mjini kwa macho yake, na kwa kuwa daktari alimpa tarehe mbili zilizopishana kwa wiki, akakaa nasi.

Nikamwamkia, akaitikia, akavuta kiti mbele ya dayorama. Hakuuliza ni vita gani. Alichouliza ni, "Udongo mnautupa wapi?"

Nikamwonyesha jedwali. Akasoma polepole, karatasi ikiwa mbali na uso. "Madebe arobaini na tano kwa mita? Mjomba, udongo ukishatoka shimoni si ule tena. Huu wa mfinyanzi ukichimba kumi, unabeba kumi na tatu."

Nimeandika programu kwa miaka mingi, na hitilafu ya namna hii ndiyo mbaya kuliko zote: haitoi onyo lolote, jibu linatoka zuri, na si kweli. Nikaongeza asilimia 30. Madebe 4,500 yakawa 5,850. Na swali lake la kwanza ndilo lililokuwa likiwanyima usingizi maofisa wa vita vile. Upande wa Messines, kule Ubelgiji, mfinyanzi wa buluu uko chini sana. Rubani wa Kijerumani akiona rundo lake tu juu ya ardhi, ameshajua kwamba kuna mtu chini, na yuko kina gani. Ilibidi waufiche mfuko kwa mfuko. Huko huko Messines, alfajiri ya 7 Juni 1917, saa tisa na dakika kumi usiku, walilipua mashimo 19 karibu kwa pamoja. Mengine yaliachwa bila kulipuliwa, na moja likalipuka lenyewe mwaka wa 1955 wakati wa radi. Aliyekufa ni ng'ombe.

Nilimweleza pia kwamba juu ya mfinyanzi ule kuna mchanga uliojaa maji, nao walipita kwa kuteremsha mapipa ya chuma yasiyo na matako, moja juu ya jingine. "Kama pete zetu za saruji," akasema. Alifurahi. Kwa nusu saa tulikuwa mafundi wawili tu, na nikidhani mgeni wangu amenogewa.

Kisha akaweka kidole kwenye kizimba. Nilikuwa nimekitengeneza kwa wavu wa chujio la chai, ndani yake tone la rangi ya manjano. "Na huyu ndege wa nini?"

Nikamwambia ni kanari, jamaa ya chiriku wetu. Baruti ikilipuka chini ya ardhi huacha kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi. Ndege huanguka mapema kuliko mtu, na huo ndio muda wako wa kutoka.

"Kwa nini wasitumie taa? Sisi tuliteremsha taa kwa kamba. Ikizima, hushuki."

"Taa huzima pumzi ikipungua, Mjomba. Hewa hii haizimi taa. Inaweza kukuua na taa inawaka."

Hapo akanyamaza. Nilidhani hakusikia, nikataka kurudia. Akanizuia kwa mkono.

"Taa yetu ilikuwa inawaka," akasema.

Ilikuwa baada ya mvua za El Niño. Maji yalikuwa juu, kisima hakikaushiki kwa ndoo, na mwenye shamba akaleta pampu ya petroli. Kamba ya kunyonyea ilikuwa fupi, kwa hiyo wakaiteremsha pampu yenyewe, wakaikalisha juu ya mbao katikati ya kisima. Ikafanya kazi asubuhi nzima. Ilipozimwa, wakateremsha taa, wakaitazama mpaka waridhike. Inawaka. Mwenzake akashuka. Baada ya muda kamba ikalegea. Mjomba akaita, hakujibiwa, akashuka mwenyewe. Alipofika usawa wa pampu magoti yakaisha nguvu, kama ya mtu aliyetoka homa. Alimwona mwenzake amekaa, ameegemea ukuta, anapumua.

"Anapumua," alirudia. "Nikapanda."

Watu walipokusanyika na kumtoa alikuwa ameshakufa. Wakasema kisima kina jini, kikafukiwa. Mjomba hakuamini habari za jini. Aliamini kwamba hewa ilikuwa nzuri, kwa kuwa taa ilikuwa inawaka, na kwamba yeye aliogopa.

Nilimweleza tena, safari hii taratibu, injini ya petroli inatoa nini ndani ya shimo lisilo na upepo, na kwamba kule kulegea magoti ndiko mwanzo wenyewe. Angekaa dakika chache zaidi wangetolewa wawili. Sijui kama nilisema vizuri. Nilikuwa nikizungumza haraka, kama mtu anayeeleza mteja kwamba kosa halikuwa lake.

Ubaya ni kwamba sehemu kuu ya dayorama yangu ilikuwa bado haijamfikia. Mwishoni mwa handaki, chini ya mbao zilizovunjika, kuna watu wawili: mmoja amelala, mmoja amekaa kando yake. Akauliza ni nani, na sikuona namna ya kudanganya.

Alfajiri ya 22 Juni 1916 Wajerumani walilipua shimo lao pale Givenchy, na wachimbaji watano wa Kiingereza wakafungiwa chini. Wenzao walichimba saa 20 mpaka wakafungua tundu. William Hackett, mchimba makaa wa miaka 43, aliyewahi kukataliwa jeshini mara kadhaa, akawasaidia watatu kupenya. Naye angeweza kufuata. Lakini wa tano, Thomas Collins, kijana wa miaka 22, alikuwa ameumia vibaya hawezi kupita, na Hackett akakataa kumwacha. Tundu likafunga. Walichimba tena siku nne, hawakuwapata. Hackett alipewa Victoria Cross baada ya kufa. Wote wawili wangali pale chini mpaka leo, na tangu mwaka wa 2010 pana mnara wa kumbukumbu ya wachimbaji hapo Givenchy.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, kama mlitarajia. Aliuliza, "Na wale watatu waliotoka, waliishi vipi?"

Nimesoma habari za Hackett kwa miezi. Nimepima mbao zake. Swali hilo halikuwahi kunipitia kichwani.

Kwa mnaochimba visima, au mnaochimbiwa: injini ya petroli isishuke kisimani, hata nusu, hata kidogo. Na kwa mafundi wenzangu ambao tayari mnafikiria kile kitambuzi cha MQ-7 cha bei rahisi, nami nilikifikiria, nikakinunua. Kinataka kupashwa moto kwa volti 5 sekunde 60, kisha volti 1.4 sekunde 90, ndipo kikupe jibu moja. Dakika mbili na nusu! Kanari ana kasi zaidi. Ni kifaa kizuri cha kujifunzia mezani, lakini usimteremshe mtu kwa kukiamini. Vipo vipimo vilivyotengenezwa na kukaguliwa kwa kazi hiyo, ni ghali, na mwenye kisima ndiye anayepaswa kuvilipia.

Asubuhi ya siku aliyoondoka, Mjomba alirudi mezani na chai yake. Akatazama juu, kwenye mdomo wa shimo, pale nilipokuwa nimeweka kapi, kamba ya uzi na mifuko iliyopangwa vizuri.

"Hapa hakuna mtu," akasema. "Kamba inashikwa na nani?"

Nikakanda gundi kidogo nikamtengeneza, milimita 49, mikono yote miwili juu ya uzi. Nilimweka akitazama mbele, kuelekea kwa mtu anayeitazama dayorama, kwa kuwa picha hupendeza hivyo. Mjomba akaomba ile koleo ndogo ya kunyofolea nyusi ninayotumia. Gundi ilikuwa bado haijakauka. Akakishika kichwa kwa ncha yake, akakiinamisha mpaka kikatazama chini.