Sahani ya Jirani

Leo sina mahubiri, nina ungamo.

Mnajua Novemba mwaka jana nilienda Uturuki kuona mahali palipokuwa yale makanisa saba ya Ufunuo. Smirna siku hizi ni Izmir, mji mkubwa wa bandari. Efeso ni magofu karibu na mji mdogo wa Selçuk, na huko nilienda peke yangu kwa treni. Nikazubaa kwenye magofu, mvua ikaanza, na nilipofika stesheni treni ya mwisho ya kurudi Izmir ilikuwa imeondoka. Nilikuwa na shati la Malindi, mnaelewa.

Mzee mmoja mwenye kiduka aliniona nikitetemeka. Kiingereza hakujua, Kituruki sijui. Akafunga duka, akanishika mkono, akanipeleka kwake. Mlangoni nikavua viatu, nikapewa ndara. Mkewe akanimiminia mikononi manukato yenye harufu ya limau, nikakumbuka marashi ya harusi za kwetu. Kisha chakula kikaja: supu ya kamande, mkate wa moto, zeituni, mtindi, na wali mweupe uliomiminiwa maharagwe. Wali huo wanauita pilav. Nilifumba macho kuomba. Wao ni Waislamu, lakini walinisubiri, na nilipomaliza mzee akasema "amin" pamoja nami.

Halafu chai ya rangi, katika vigilasi vyembamba kiunoni. Kila nikimaliza, mama anajaza. Nilikunywa sita kabla mzee hajacheka na kunionyesha kwamba ukitosheka unalaza kijiko juu ya gilasi.

Kwa programu ya kutafsiri kwenye simu akaniambia mimi ni "Tanrı misafiri", mgeni wa Mungu. Misafir! Ndilo neno letu msafiri, ila kwao maana yake ni mgeni. Wakanitandikia godoro. Usingizi ukakataa.

Nilikuwa nafikiria pilau. Jirani yetu hapa Maweni, mama wa Kiislamu, hutuletea sahani kila Idd kwa mkono wa mjukuu wake. Miaka sita nimeipokea kwa tabasamu, na mtoto akishaondoka namwaga. Mama mchungaji alikuwa akiniangalia tu. Hata ninyi niliwafundisha hivyo, nikashikilia Wakorintho wa Kwanza sura ya 8. Sikuwafikisha sura ya 10 mstari wa 27, pale Paulo anaposema asiyeamini akikualika, na ukaenda, kula ulichowekewa, usianze maswali. Na waraka ule Paulo aliuandika akiwa Efeso, huko huko nilikoshinda mchana kutwa nikipiga picha.

Nisameheni, hasa mliofuata mfano wangu.

Niliporudi nilipiga hodi kwake. Nikamwamkia, nikamwambia yote, bila kujitetea. Alinyamaza kidogo.

"Mtoto alikuona mwaka wa kwanza, pasta. Nikamwambia asiseme kitu."

Sikuwa na neno. Akaniuliza huko Uturuki walinilisha nini. Nikamwambia, pilau.

"Wanatia viungo?"

"Hawatii, mama. Ni nyeupe tu."

Akatikisa kichwa, akainuka kwenda jikoni.