Handeni hadi Korogwe: taa nyekundu iliyoko nyuma ya mama

Kutoka mjini Handeni, ambako wapo wanaokuita Chanika hadi leo, mpaka Korogwe ni takriban kilomita 65 za lami. Mchana ni safari tamu: Misima, Sindeni, mahindi barabarani, kisha mkonge ukikaribia Korogwe. Jua likizama, kati ya kijiji na kijiji hubaki giza, na kinachomwonyesha bodaboda kwa lori lililo nyuma yake ni taa moja nyekundu.

Mara nyingi taa hiyo siyo iliyokuja na pikipiki. Ya mwanzo ilivunjwa na gunia la mkaa, ikanunuliwa nyingine ya LED na kuungwa harakaharaka chini ya mti. Imewaka, fundi kalipwa, dereva kaondoka.

Lakini kuwaka siyo kufanya kazi. Taa ya nyuma ina mwanga hafifu wa kuonyesha kwamba pikipiki ipo, na mwanga mkali wa breki. Hivyo ina nyaya tatu: wa taa ndogo, wa breki na wa ethi. Zile mbili za kwanza zikibadilishana, taa huwaka kwa ukali muda wote, na dereva hutamba kwamba yake inang'aa kuliko za wenzake. Akikanyaga breki, wa nyuma haoni tofauti yoyote. Taa iliyozima angalau itapelekwa kwa fundi. Hii hakuna anayeishuku.

Pikipiki nyingi zinazofuata mtindo wa Honda zina kijani kwa ethi, kahawia kwa taa ndogo, na kijani chenye mstari wa njano kwa breki. Taa za dukani huja na rangi zake. Fundi makini haamini rangi. Anashika testa na kutafuta waya upi unapata umeme taa zikiwashwa, na upi breki ikikanyagwa.

Breki ikikanyagwa na indiketa nazo zikawaka hafifu, tatizo huwa ni ethi: imelegea, ina kutu, au imefungwa juu ya rangi badala ya chuma kitupu. Kuikwangua na kuikaza upya ni kazi ya msasa na spana tu. Na kama taa inapepesa injini ikiunguruma taratibu, kisha inatulia mafuta yakiongezwa, huenda inalishwa na koili moja kwa moja badala ya betri. LED nyingi hazidumu kwa umeme huo.

Kwenye barabara hii bodaboda ndiyo gari la familia. Anayepakiwa ni mjamzito anayewahi Hospitali ya Magunga, au mtoto aliyechelewa kutoka shule, naye ndiye aliye karibu zaidi na lori. (Na pindo la kanga linaloning'inia hufunika hata taa iliyoungwa vizuri. Likunjwe na kukaliwa.)

Kabla ya kupanda, mmoja asimame nyuma. Dereva awashe taa, akanyage breki ya mguu, aachie, kisha abane ya mkono. Kila moja ina swichi yake, kwa hiyo zisipimwe kwa pamoja. Mwanga uruke kutoka hafifu kwenda mkali mara zote mbili. Usiporuka, abiria ashuke na dereva arudi kwa fundi kungali mchana.