Neno "Lazima" Lilipotoka

Wenzangu wa umoja wetu wa wahamiaji hapa jimbo la Washington wanaamini kwamba muswada wetu wa barua ulidhoofishwa na Bunge peke yake. Nimewaacha waamini hivyo muda mrefu mno. Mlango wa kuurekebisha ulikuwa bado wazi, niliuona, nikanyamaza.

Kazi niliyopewa ilikuwa kufuatilia miswada. Mwaka wa witiri Bunge letu pale Olympia hukaa siku 105, na katika siku hizo huwasilishwa miswada zaidi ya 1,000. Kuna siku za ukomo: muswada usiotoka kwenye kamati yake kufikia siku hiyo, kwa kawaida umekufa. Ukitoka, bado kuna kamati ya fedha, kisha Kamati ya Kanuni, ambako miswada mingi hulala bila kuitwa tena, kisha kura ya Baraza la Wawakilishi; halafu safari yote huanza upya kwenye Seneti. Nilikuwa na jedwali la miswada 23. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilifungua tovuti ya Bunge, nikaangalia namba na hatua. Uliosonga niliupaka kijani.

Muswada tulioupenda kuliko yote ulisema idara ya misaada lazima itafsiri barua ya kumkatia mtu msaada kwa lugha anayoielewa. Mama mmoja kutoka Kivu, anayeishi Kent, aliutolea ushahidi mbele ya kamati ya Wawakilishi. Alieleza jinsi mjukuu wake wa miaka 11 anavyomsomea barua za serikali, na jinsi mtoto yule anavyoruka maneno asiyoyajua. Nilikaa nyuma yake. Alipomaliza, chumba kizima kilikuwa kimya.

Wiki iliyofuata kamati iliupitisha, kwa toleo mbadala. Hapo ndipo kosa langu lilipoanza. Toleo mbadala linapochukua nafasi ya la kwanza, namba haibadiliki. Huongezwa tu neno la kuonyesha kwamba ni mbadala. Watumishi wa Bunge wasio wa chama chochote huandika ripoti ya muswada, na ndani yake huwa na sehemu inayoeleza toleo jipya linatofautianaje na la awali. Ni aya fupi, mtu huimaliza kabla chai haijapoa. Sikuifungua. Nilipaka kijani.

Nilipaka kijani tena ulipopita Baraza, na tena ulipoingia Seneti. Nikapiga simu misikitini na makanisani, Tukwila mpaka Tacoma, nikiomba watu wajiandikishe kuuunga mkono kabla dirisha halijafungwa saa moja kabla ya kikao. Watu waliniamini wakajiandikisha, wengine wakiwa kwenye mapumziko ya zamu zao.

Usiku wa Jumanne, baada ya kikao cha kamati ya Seneti, yule mama wa Kent akanipigia. Binti yake alikuwa amemsomea muswada wote, akimtafsiria sentensi kwa sentensi.

"Mwanangu," aliniuliza, "mbona hapa panasema idara *inaweza* kutafsiri, fedha zikipatikana? Si tulisema lazima?"

Nikamwambia nitaangalia. Nilifungua ile ripoti nikiwa nimesimama jikoni, na jambo lenyewe lilikuwa pale, limeandikwa waziwazi, tangu wiki kadhaa nyuma. Neno moja limetolewa, lingine limewekwa, na haki imegeuka hiari.

Kamati ilikuwa inapiga kura Alhamisi. Nilikuwa na Jumatano nzima ya kumtafuta seneta wa kuleta marekebisho. Lakini kumtafuta kulimaanisha kwanza kuwaambia wenzangu kwamba nimewahamasisha watu waunge mkono kitu ambacho sikukisoma. Niliona aibu. Nikajidanganya kwamba pengine fedha zitapatikana, kwamba sheria dhaifu ni afadhali kuliko kukosa. Alhamisi kamati ikapiga kura. Ijumaa ndipo nikawaandikia wenzangu, nikasema "tumegundua" mabadiliko, kana kwamba sote tuliyaona pamoja siku ile. Nikamwandikia pia msaidizi wa seneta aliyeuunga mkono, naye alinijibu kwa upole kwamba lau tungeuliza kabla ya kura, angejaribu. Sasa yeye na seneta waliogopa kuufungua upya. Sijui kama angefaulu. Najua hakupewa nafasi.

Muswada ulipita, gavana akausaini. Tulipiga picha.

Mwezi uliopita nilikwenda Kent nikamweleza mama ukweli wote, pamoja na ile Jumatano. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaenda kwenye droo ya jikoni, akanitolea bahasha ya idara, tayari imefunguliwa, akaniomba nimsomee kwa sababu mjukuu alikuwa shuleni. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Siku ya mwisho ya kukata rufaa ilikuwa imepita kwa siku tisa.