Herufi Moja ya Jina

Kijana alikuja mezani kwangu Alhamisi jioni, ofisi ikikaribia kufungwa, akanionyesha simu yake. Alikuwa amelitafuta jina lake la ukoo kwenye intaneti. Palikuwa na idadi ya watu wanaolitumia duniani, idadi ndogo sana, na chini yake imeandikwa: asili, Hispania. Akaniambia, “Kuya, kumbe babu yetu alikuwa Mhispania.” Kuya ni kaka mkubwa, na ndivyo Wafilipino wanavyomwita mwanamume aliyewazidi umri.

Nilimwuliza swali moja tu: kwenu ni Oas? Akashtuka, maana faili lake nilikuwa sijalifungua. Lakini alishanitajia kwamba ni mtu wa mkoa wa Albay, na jina lake linaanza na R. Kwa anayeshika pasipoti za Wafilipino kila siku, hayo mawili yanatosha.

Jina lenyewe sitaliandika. Wenye nalo ni wachache kiasi kwamba kulitaja ni kuwataja wao.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili nikiwa karani wa nyaraka katika ofisi ya ajira hapa Dubai. Wanaopita mikononi mwangu ni wauguzi, wapishi, mafundi umeme na wahudumu wa hoteli, wengi wao kutoka Ufilipino. Napokea pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na vyeti vya shule, nalinganisha herufi kwa herufi kabla ombi la viza halijaingia kwenye mfumo. Watu wa nje huiona ni kazi ya kunakili. Hawajamwona mama akisubiri miezi miwili kwa sababu ya kiwimbi kilicho juu ya ñ. Katika ile mistari ya mashine chini ya pasipoti, herufi hiyo haipo kabisa.

Nilipoanza nilikosea kama anavyokosea kila mtu wa pwani. Sisi tumezoea jina lako, la baba, la babu. Nikaliona jina la katikati la Mfilipino, nikaliingiza penye jina la baba. Kumbe ni la ukoo wa mama, alilokuwa nalo kabla ya kuolewa. Na mwanamke akiolewa, akichukua jina la mume, lile la baba yake linahamia katikati na la mama linaondoka. Kwa hiyo muuguzi mmoja anakuletea shahada yenye mpangilio mmoja na pasipoti yenye mpangilio mwingine, na zote mbili ni halali. Mfumo hauna nafasi ya kueleza hivyo. Unasema tu: majina hayalingani.

Yule kijana nilimketisha nikamweleza ya Oas. Tarehe 21 Novemba 1849, gavana Mhispania wa visiwa vya Ufilipino, Narciso Clavería, alitoa amri kwamba kila familia iwe na jina la ukoo. Kabla ya hapo wengi walijipa majina ya watakatifu, ndugu wa tumbo moja wakitofautiana majina, na serikali ikashindwa kujua nani amelipa kodi na nani bado. Ikachapishwa orodha ya majina takriban 61,000. Yalikuwemo ya Kihispania, lakini pia maneno ya lugha za visiwani, mimea, wanyama na mahali. Orodha iligawanywa kwa mikoa, mikoa ikagawa kwa miji, na katika kila mji wakuu wa kaya wakapewa au wakachagua jina kutoka kwenye fungu la mji wao.

Albay iligawa kwa kufuata alfabeti. Makao makuu ya mkoa yakapata A, miji ya pwani iliyofuata ikapata B, na herufi zikaendelea hivyo mji kwa mji mpaka Oas ikaangukiwa na R. Clavería huyohuyo ndiye aliyerekebisha kalenda ya visiwa hivyo, iliyokuwa nyuma kwa siku moja: watu walilala Jumatatu tarehe 30 Desemba 1844, wakaamka Jumatano tarehe 1 Januari 1845. Mtu aliyeweza kuifuta siku nzima hakushindwa kuupa mji herufi.

Basi jina la Kihispania halithibitishi damu ya Kihispania. Linathibitisha kwamba mzee mmoja alipewa ukurasa. Na kama ni kaya moja tu iliyochukua neno lile, uzao wake ndio wenye jina hilo hadi leo. Hapo ndipo uadimu mwingi unapotoka.

Mwingine unatoka kwa makarani. Amri ile iliyataja de la Cruz na de los Santos kuwa majina yaliyozidi mno, yasiendelee. Leo dela Cruz ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote Ufilipino, na Juan dela Cruz ndiye raia wa kawaida katika mazungumzo yao. Katika faili zangu liko kwa namna nne: limetengana maneno matatu, limetengana maneno mawili, limeshikana, na herufi ya kwanza ikawa kubwa au ndogo. Kompyuta inaziona koo nne. Mwaka juzi ombi la viza ya mtoto lilirudishwa mara mbili kwa sababu cheti chake kilikuwa kimelishikanisha na pasipoti ya mama imelitenganisha. Kwa hiyo nikikutana na jina ambalo sijawahi kuliona, wa kwanza kumshuku ni aliyelipiga chapa.

Kiarabu nacho kinaongeza yake, kwa kuwa hakina sauti ya p. Mpishi mmoja wa ukoo wa Panganiban alipewa cheti cha kazi kwa Kiarabu, kikapelekwa kwa mtafsiri, kikarudi kwa Kiingereza na Banganiban. Alikuwa akitaka mafao yake arudi nyumbani. Benki ikamwambia mwenye akaunti ni mwingine. Tulikwenda na kurudi wiki tano. Panganiban linatokana na panganib, hatari, na kwao ni jina la heshima. Hilo la B nimeliona kwa mtu mmoja tu, na yeye hakuzaliwa nalo.

Yapo majina ninayoyapenda, siwezi kuficha. Watu wa mkoa wa Batangas wana yanayoanza na Dima-, na kila moja ni sentensi ya kukanusha: Dimayuga ni asiyetikisika, Dimaandal ni asiyesukumika, Dimaculangan ni kisichopunguzika. Mzungumzaji wa Kiswahili anayaelewa mara moja, maana nasi tunakanusha mwanzoni mwa neno. Wenye asili ya Kichina wana Dizon, Sison, Gozon na Lacson, yaani mjukuu wa pili, wa nne, wa tano na wa sita.

Na shujaa wao mkuu, José Rizal, alizaliwa katika familia ya Mercado. Baba yao aliongeza Rizal, jina linalohusishwa na majani ya shambani yanayochipua tena baada ya kukatwa. Kaka yake Paciano wakati huo alijulikana kwa Mercado, naye alikuwa karibu na padri José Burgos, aliyeuawa na Wahispania mwaka 1872. Ili jina la kaka lisimponze, mdogo akaandikishwa shuleni Manila kama Rizal. Wangekuja mezani kwangu leo kwa viza, mfumo ungekataa kwamba ni ndugu.

Tulipofungua faili la kijana, mzigo wenyewe ukaonekana. Pasipoti ina i, cheti cha kuzaliwa kina e. Ile idadi ndogo aliyoiona kwenye simu ilikuwa ya tahajia moja tu, na hata sasa hajui ni ipi aliyoiandika babu. Sheria yao ya mwaka 2001, R.A. 9048, inaruhusu kosa la uandishi lisahihishwe kwa msajili wa mji bila kwenda mahakamani. Lakini ombi lazima liwe na vielelezo: cheti cha ubatizo, cheti cha shule, chochote cha zamani.

Akampigia mamake. Hapa ilikuwa saa kumi na mbili jioni, kwao saa nne usiku. Mama alikuwa hajalala. Kijana akamwomba alisome jina kama lilivyo kwenye cheti cha ubatizo cha babu, nikamsikia akiburuta kiti, akifungua kabati, kisha akaanza kutaja herufi moja moja, polepole, nami nikiwa na kalamu mkononi.